Laptop Yenye Pindo

Fundi Pindo aliingia kwenye duka la kompyuta akiwa na tepu ya kupimia shingoni. Hakukusudia. Alikuwa ameivaa tangu asubuhi kama watu wengine wanavyovaa saa, na mkewe alipompigia simu kumkumbusha kwamba Ijumaa inaisha na duka litafungwa, alivua miwani ya kushonea, akafunika cherehani, akafunga mlango wa kibanda, lakini tepu ikamtoka akilini. Binti yake aliiona tangu barabarani. Alikuwa ameambiwa afunge mdomo mpaka warudi nyumbani, na agizo hilo alikuwa akilitekeleza kwa ukamilifu, kwa uso wa mtu anayeng'olewa jino.

Duka lilikuwa chumba kimoja kirefu chenye baridi ya mashine. Kwenye rafu za ukutani laptop zilikaa zimefunguliwa, moja baada ya nyingine, zote zikionyesha picha ileile ya mlima na ziwa. Fundi alisimama mbele yake, akajiona kama yuko tena shuleni siku ya kuwapima watoto sare: wote mstari, wote kimya, wote wanamtazama. Tofauti ni kwamba watoto alijua pa kuanzia. Hizi angezianzia wapi? Kitambaa angekishika kwa vidole viwili, akakivuta, akakinusa, na kabla muuzaji hajafungua kinywa angejua kama kitapauka juani au kitachakaa makalioni. Alinyoosha kidole, akaigusa moja kwenye kioo. Mlima ukatoweka, yakajitokeza maandishi. Akaurudisha mkono mfukoni haraka, kama mtoto aliyeangusha glasi ya wageni.

"Karibu, mzee wangu," alisema muuzaji. Alikuwa kijana mwenye ndevu chache alizozitunza kwa uangalifu mkubwa. "Nikusaidie nini?"

"Tunaangalia tu."

"Karibuni muangalie. Ni ya kwako au ya binti?"

"Ya binti. Ya shule."

"Anakwenda kusomea nini?"

Fundi akamtazama binti yake. Binti akatazama dari.

"Kuandikaandika tu," Fundi alisema. "Mambo ya kawaida."

Binti akakohoa. Kilikuwa kikohozi kikavu, kisicho na mafua nyuma yake, lakini baba mtu hakukitilia maanani.

Ukweli ni kwamba hapakuwa na kuandikaandika kokote. Binti huyu, ambaye nyumbani na mtaani aliitwa Chaki, alikuwa amepata nafasi katika shule ya ufundi, darasa la uchoraji wa majengo. Jina lenyewe alilipata akiwa hajaanza hata shule, kwa sababu ya kuiba vipande vya chaki ya kuchorea nguo na kuchora navyo kwenye sakafu ya kibanda cha baba yake. Hakuchora watu wala maua. Alichora vyumba. Chumba na mlango wake, mlango na upande unaofungukia. Mteja akiingia kuchukua nguo zake aliambiwa, "Mama, umesimama juu ya kitanda, sogea sebuleni." Watu walicheka, na wengine kweli walisogea. Fundi naye alicheka, ila jioni, wakati wa kufagia, alikuwa akiingia vyumbani kwa kupitia milango.

Sasa kulikuwa na sharti. Mwalimu wa darasa aliwatumia wazazi ujumbe kwenye simu. Jumatatu, siku ya kufungua shule, kila mwanafunzi aje na laptop yake, na itajaribiwa palepale kwa programu ya kuchorea. Ambaye laptop yake itashindwa kuiendesha atahamishiwa darasa la utunzaji wa stoo, kwa kuwa nafasi za uchoraji ni chache na wanaozisubiri ni wengi. Mke wa Fundi, anayefanya kazi kwenye chumba cha kufulia mashuka hospitalini, alimsomea mumewe ujumbe huo mara ya kwanza kwa sauti ya kawaida na mara ya pili kwa sauti ya kuonya.

"Umesikia, Baba Chaki? Stoo."

"Nimesikia."

"Mwanao akae anahesabu ndoo na mifagio."

"Nimesikia, mama."

Fedha ilikuwepo, na hilo ndilo lililomchanganya zaidi. Maisha yake yote, fedha ndiyo iliyomchagulia. Unaingia dukani, unataja kilichomo mfukoni, unapewa kitu kimoja kinachofanana nacho, unashukuru na kuondoka. Kikiharibika unaulaumu umaskini, na umaskini haujibu. Mwaka huu shule moja kubwa ilimpa tenda ya sare zake zote, na kwa mara ya kwanza angeweza kuchukua hii, au ile, au ile nyingine. Akikosea, atakuwa amekosea yeye.

Basi akafanya anachofanya siku zote akiwa na mashaka: akauliza watu, mmoja baada ya mwingine, kama anavyopima bega, kisha kifua, kisha kiuno.

Shemeji yake, dereva wa lori, hakuhitaji hata kufikiri. "Injini, shemeji. Wewe uliza injini. Hayo mengine ni bodi na rangi."

"Injini ya kompyuta inaitwaje?"

Hapo shemeji alifikiri. "Hilo sasa linategemea na kampuni."

Mteja aliyekuja kupunguziwa suruali akasema kioo ndicho cha kuangalia, mtoto asije akaharibu macho. Mteja wa baada yake akasema kioo si kitu, betri ndiyo yenyewe, maana umeme hauaminiki. Mke wa Fundi akasikia kazini kwamba nyepesi ndizo nzuri, na shemeji alipoambiwa hivyo akapiga simu kutoka safarini, makusudi, kusema kitu chepesi hakina kitu ndani. Kufikia Jumatano Fundi alikuwa anajua mengi kuliko Jumatatu na anaelewa kidogo kuliko Jumatatu. Siku hiyo alishona mikono miwili ya kulia kwenye shati moja, na hakugundua mpaka mwenye shati alipoanza kulivaa.

Ndipo dada yake mdogo, karani wa benki, alipopita kuwasalimia. Dada huyu ana sauti ya mtu aliyezoea kuongoza foleni.

"Kaka, sikiliza. Kuchagua si shida. Shida ni kuibiwa. Ukiingia, sema unaangalia tu. Na usithubutu kumwambia muuzaji mtoto anasomea nini. Akishajua una shida ya kitu fulani, umekwisha, bei inapaa palepale. Mwambie ni ya kuandikia."

"Sasa atajuaje anipe ipi?"

"Hakupi yeye, unachagua wewe! Kwani wewe si mtu mzima?" Akamgeukia Chaki. "Na wewe, huo uso wako. Una uso wa kupenda vitu. Muuzaji akikuona umeangalia moja mara mbili, tumeumia. Funga mdomo, na macho yako yaangalie juu."

"Juu wapi, shangazi?"

"Popote pasipouzwa kitu."

Ndiyo maana ya ile dari.

Muuzaji, kwa kuwa ameambiwa ni ya kuandikaandika, aliwatembeza kwenye rafu za laptop za kuandikia. Alieleza kwa adabu na kwa bidii. Hii ina ram nane, hii ina kumi na sita. Hii hifadhi yake ni kubwa, hii ni ndogo ila ina kasi. Prosesa ya hii ni ya kizazi kipya, ya ile ni ya zamani kidogo lakini ya daraja la juu. Fundi aliitikia kwa kichwa kila baada ya maneno machache ili asimvunje moyo. Ndani kichwa kilikuwa kinamzunguka. Iweje ya zamani iwe ya daraja la juu? Na ndogo yenye kasi, inakimbilia wapi?

"Ngoja, ngoja kidogo, kijana wangu," alisema. "Kubwa ni ipi?"

"Inategemea, mzee. Kubwa kwa lipi?"

"Kwa ukubwa."

Muuzaji akaionyesha, imekaa peke yake mwisho wa rafu, pana kama sinia. Fundi akapeleka mkono shingoni bila kufikiri, akaikuta tepu, na furaha aliyoipata ni ya mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini. Aliipima laptop upana. Akaipima kimo. Kisha akamgeukia binti yake, akamshika bega.

"Baba," Chaki alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu waingie. "Watu wanatuangalia."

"Nyoosha mgongo."

Akampima kutoka bega hadi bega, akasogeza midomo kimyakimya, akaridhika. "Inamkaa. Na mkobani itaingia."

"Sijawahi kuona ikipimwa hivyo," alisema muuzaji, na haikujulikana anacheka au anajifunza.

Hapa inafaa kueleza jina la Fundi lilikotoka. Kila mtu anayeshona sare huacha upindo kidogo chini. Fundi huyu huacha upindo wa kiganja kizima, na mishononi huficha kitambaa cha ziada ambacho mafundi wengine hukikata na kukitupa. Sketi yake mtoto haiachi kwa sababu amekua. Mwaka ukigeuka, mama anafumua mshono mmoja, sketi inashuka, masomo yanaendelea. Wapo waliomaliza shule na sketi waliyoanza nayo, yenye mistari ya rangi mbichi kule chini, kila mstari na mwaka wake. Nguo inayomkaa mtoto sawasawa leo, kwa Fundi, ni uzembe wa fundi.

Kwa hiyo swali lake lililofuata, kwake yeye, lilikuwa la kawaida kabisa.

"Katika hizi zote, yenye pindo ni ipi?"

"Yenye nini, mzee?"

"Nafasi. Ya ndani. Mtoto akikua, ifumuliwe."

Muuzaji alikunja uso, akafikiri, kisha uso ukamkunjuka. "Aaa! Ya kuongezeka!" Akaichukua ileile kubwa, akaigeuza tumbo juu, akafungua kifuniko kidogo kwa bisibisi. "Tazama hapa. Pako wazi. Baadaye unaongeza ram. Na hapa pako wazi, unaongeza hifadhi. Hizi nyembamba huwezi, zimegandishwa humo ndani. Ulivyoinunua ndivyo itakavyokufa."

Fundi aliinama, akachungulia. Kweli, pale ndani palikuwa na nafasi mbili tupu, safi, zinasubiri. Kwa mara ya kwanza wiki nzima alikuwa ameelewa kitu.

"Hii," akasema.

"Kwa kuandika, hii inatosha na kubaki."

Chaki akakohoa, safari hii mfululizo, mpaka muuzaji akamletea maji ya kunywa.

Asubuhi ya Jumamosi laptop ilikuwa katikati ya meza ya kukatia, vitambaa vyote vimesogezwa, na mke wa Fundi ameifuta vumbi ambalo halikuwepo. Chaki aliwasha, akaweka ile programu ya kuchorea aliyoipata kwa mwanafunzi wa mwaka wa pili. Wazazi wake walisimama nyuma yake, mmoja kila bega. Programu ilifunguka polepole. Akachora chumba. Akachora cha pili, akaweka ukuta, akaweka mlango. Alipoanza kupandisha paa, kioo kikawa cheupe, na ndani ya mashine kitu kikaanza kuvuma kama kikaango.

"Imefanya nini?" mama aliuliza.

"Imekwama."

"Ina ugeni," Fundi alisema. "Cherehani mpya nayo huwa hivyo, inakaza. Ukiishonea wiki mbili inalainika."

"Hii hailainiki, baba."

"Au tuiwekee tone la mafuta?"

"Baba!"

"Usithubutu," alisema mkewe, akaisogeza chupa ya mafuta ya cherehani hadi ng'ambo ya chumba.

Akapigiwa simu shemeji. Alisikiliza mvumo kupitia simu kwa makini. "Inanguruma? Basi injini ipo," alisema, akakata.

Chaki alizima, akawasha, akaanza tena. Ukuta, mlango, paa, weupe. Mara ya tatu hakuendelea hata na mlango. Aliweka mikono mapajani.

"Haina kadi ya michoro," alisema. "Kile kifaa cha ndani kinachobeba picha. Ile programu bila hicho haiendi."

Fundi akavuta kiti, akakaa. "Si tunaongeza? Zile nafasi mbili."

"Zile si za kadi. Kadi haiongezwi kwenye hii. Ama inayo, ama haina."

"Na hilo ulilijua jana?"

"Nililijua."

"Ukanyamaza?"

"Nilikohoa."

"Nikadhani ni ile baridi."

"Mliniambia niangalie dari, baba. Nimeiangalia. Ina mabomba mawili na ufa."

Mama mtu alicheka, kisha akaacha, kwa sababu Jumatatu ilikuwa bado ipo mahali pake. Fundi alishika tama. Alijaribu kurudi nyuma aone alikosea wapi, na kila hatua aliyoikuta ilikuwa sahihi. Aliuliza watu. Hakuibiwa. Alichagua kitu chenye nafasi ya mbele. Hatua zote zilikuwa nzuri, na zimemfikisha kwenye stoo.

"Lakini ina pindo," alisema, si kwa ubishi, bali kama anayeuliza. "Si utakua nayo?"

Chaki aligeuka kwenye kiti. Alimtazama baba yake kwa muda, kama mtu anayetafuta pa kushikia kitu asikivunje.

"Baba, mimi sikui tena."

"Unakua."

"Sikui. Mama, mara ya mwisho kufumua sketi yangu ilikuwa lini?"

Mama alifungua mdomo ajibu, akaanza kuhesabu kwa vidole, akaviacha. Sketi yenyewe ilikuwa inaning'inia msumarini nyuma ya mlango. Fundi aliinuka, akaikunjua chini, akaangalia. Upindo wa kiganja kizima ulikuwa haujaguswa. Kitambaa cha ndani kilikuwa na rangi kama ya siku kilipotoka dukani. Alikuwa ameishona mwenyewe, na amepita mbele ya msumari ule kila siku, na hajaona. Alimtazama binti yake akiwa amesimama, na ikamjia kwamba hakumbuki ni lini aliacha kuinamisha kichwa anapozungumza naye.

"Nataka inayonikaa Jumatatu," Chaki alisema. "Ya mwaka wa tatu tutaijua mwaka wa tatu."

"Na hii ya Jumatatu ikikubana?"

"Nitanunua nyingine mwenyewe. Si nitakuwa nachora?"

Fundi hakujua hilo ni la kumfurahisha au la kumuuma. Alilipima kila upande, halikumpa kipimo. Aliona tu kwamba limesemwa bila hasira, na kwamba mkewe ameshachukua sanduku la laptop na anairudishia chaja ndani kwa mpangilio uleule.

"Nendeni," alisema mke. "Na wewe, Baba Chaki, sema ukweli. Ukirudi na dari nyingine usiingie humu."

Muuzaji aliwasikiliza mpaka mwisho. Fundi alisema yote: darasa, programu, mwalimu, stoo. Alipomaliza, kijana alijikuna ndevu zake chache.

"Mzee wangu, sasa si ungeniambia jana?"

"Dada yangu anafanya kazi benki," alisema Fundi.

Muuzaji akatikisa kichwa polepole. Inaonekana hilo lilimtosha. Aliikagua laptop, akakubali kuibadilisha maana haijapata hata mkwaruzo, wakaelewana kuhusu nyongeza, kisha akamgeukia Chaki. "Haya, dada. Programu yenyewe ni ipi?"

Hapo mdomo uliofungwa humo dukani jana ukafunguka. Chaki aliuliza, akajibiwa, akauliza juu ya jibu. Alitaka kujua kadi ina kumbukumbu yake au inaazima, inapata joto baada ya muda gani, betri inashikilia vipi paa likiwa limepanda. Maneno yalimpita Fundi kama mvua juu ya bati. Alisikia kwamba inanyesha, basi. Alimwona binti yake akiweka programu kwenye ya kwanza, akichora ile nyumba ya asubuhi, akipandisha paa. Halikukwama. Akahamia ya pili, akachora nyumba ileile. Muuzaji akamletea na ya tatu, yenye taa nyekundu chini ya vitufe, akisema vijana wanaipenda. Chaki akaijaribu, akaizima. "Hii itanimalizia betri kabla ya saa nne," alisema, "na mwalimu atadhani ninacheza."

Zikabaki mbili. Hapo Chaki naye akasita. Aligeuza nyumba kwenye moja, akaigeuza kwenye nyingine. Alirudi kwenye ya kwanza. Akauma mdomo wa chini. Fundi akashangaa kuona kwamba hata yeye hana uhakika, kwamba hata mwenye kujua hufika mahali akasimama akikuna kichwa. Alikuwa akidhani kuchanganyikiwa ni kwake peke yake.

"Baba, unaonaje?"

Fundi alisogea. Alizitazama zote mbili kwa haki. Moja nyeusi, moja ya kijivu, zote nyembamba, zote zimegandishwa ndani, hakuna hata moja ya kufumuliwa. Vidole vilimwasha. Alitamani kuuliza jambo moja, akalimeza.

"Mimi naona nyumba mbili," alisema. "Zote ningekaa."

Chaki akacheka, kicheko kilichomtoka ghafla mpaka muuzaji naye akacheka bila kujua kwa nini. Akachukua ile ya kijivu. Alipoulizwa sababu alisema kioo chake hakimrudishii sura yake mwenyewe, na pengine kulikuwa na sababu nyingine, lakini hiyo ndiyo aliyoitoa.

Jumatatu wazazi walizuiwa barazani. Darasa la uchoraji lilikuwa na madirisha mapana yaliyoachwa wazi kwa ajili ya joto, kwa hiyo waliona yote na kusikia nusu. Mwalimu, mwanamke mfupi mwenye hatua za haraka, alipita meza kwa meza na programu yake kwenye kidude kidogo alichokuwa anachomeka, anasubiri, anachomoa. Kila alipochomeka, baraza zima liliacha kupumua kwa niaba ya mzazi mmoja.

"Wa kwangu ana ram kuliko wote humu," alisema mwanamume aliyevaa sare za ulinzi, aliyetoka zamu moja kwa moja. Fundi aliona kwamba koti lake limebana kwapani, akajizuia kusema.

"Ram si kitu," mama mmoja alimjibu. "Mimi nimeambiwa ni kadi."

"Kadi gani tena?"

"Ya ndani."

"Hakuna aliyeniambia habari za kadi!"

"Basi omba Mungu, baba."

Kijana mmoja alisimama akiwa na laptop yake kifuani, akaelekezwa mlango wa pili, kule stoo. Mama aliyezungumzia kadi akageuza uso ukutani. Alikuwa mwanawe. Fundi alitaka kumfariji, lakini angemwambia nini? Kwamba hata yeye, siku tatu tu zilizopita, alikuwa anakwenda kwenye mlango uleule kwa miguu yake na kwa furaha?

Mwalimu akafika kwa Chaki. Akachomeka. Kioo kikawa cheupe.

Fundi aliushika ukingo wa dirisha. Weupe ule aliujua. Ulikaa. Ulikaa zaidi ya alivyoweza kuvumilia, na alikuwa ameshaanza kutunga maneno ya kumwambia mkewe, alipoona mstari mmoja mwembamba umejitokeza, kisha wa pili, kisha kuta zikapanda zote kwa pamoja, na paa likatua juu yake bila kelele. Mwalimu akaigeuza nyumba kushoto, akaigeuza kulia, akaiingia kwa mlango wa mbele na kutokea wa nyuma.

"Hii iko sawa," alisema. "Nani alikuchagulia?"

Fundi alisogeza sikio.

"Nimechagua mwenyewe, mwalimu," alisema Chaki.

Mwalimu akaandika alama, akaenda meza inayofuata. Ikawa imekwisha. Chaki hakugeuka kutazama barazani. Alikuwa ameinama, ameshaanza kuchora kitu kingine. Fundi alibaki ameushika ukingo wa dirisha, na kifuani kwake kulikuwa na vitu viwili visivyofanana, vimekaa bega kwa bega, na hakuweza kusema kipi ni kipi.

Mlinzi akamgusa kiwiko. "Yule ni wako? Imepita vizuri sana ile! Ni ya aina gani?"

"Sijui."

"Hujui? Ina ram ngapi?"

"Sijui, ndugu yangu."

"Niambie tu, nina mwingine anakuja mwakani. Dukani si mlikwenda wote?"

"Tulikwenda wote," alisema Fundi. "Ila mimi nilibeba mfuko tu."